Anza na Bati: Namna ya Kuhami Banda la Kuku Dhidi ya Baridi na Joto Kali

Mfugaji wa Njombe, nyanda za juu, na mfugaji wa Mbagala, huko pwani, wana adui mmoja: bati tupu juu ya kuku. Mwezi wa saba huko Njombe, bati hupoa usiku kuliko hata hewa ya nje, na mkaa unaowaka chini yake kwa ajili ya vifaranga huishia kupasha anga. Mwezi wa pili huko Mbagala, bati kama hilohilo linaweza kupita nyuzijoto 60 saa saba mchana, na kuku wa mayai walio chini yake huhema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Mmoja anaongeza gunia la mkaa juu ya gunia. Mwingine anaokota mizoga jioni. Wote wawili wanahitaji kazi ileile, nayo ni kuweka kizuizi cha joto kati ya bati na kuku.

Kazi hiyo ndiyo kuhami banda. Haihitaji mtaalamu kutoka mbali, na sehemu kubwa ya vifaa vyake inapatikana kijijini: pumba za mpunga, nyasi, matete, mifuko mitupu ya chakula cha kuku, chokaa. Inachohitaji ni kufanywa kwa mpangilio, na kanuni moja isisahaulike tangu msumari wa kwanza: tunazuia joto kupita, hatuzuii hewa kupita. Mfugaji anayechanganya mambo haya mawili anaweza kuua kuku wengi kuliko baridi yenyewe.

Kuku anavyosumbuliwa

Kifaranga wa siku moja ana manyoya laini tu, na mwili wake bado hauwezi kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35 pale anaposimama. Baada ya hapo punguza nyuzi 2 au 3 kila wiki, mpaka afikie nyuzijoto 21 hivi akiwa na manyoya kamili, katika wiki ya tano au ya sita. Vifaranga wakipigwa na baridi hulundikana kona moja na kulaliana, na walio chini hukosa pumzi. Wanaopona hudumaa, kwa sababu chakula wanachokula kinakwenda kuupasha mwili badala ya kuukuza. Chakula ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika ufugaji wa kuku, kwa hiyo banda la baridi linakutoza mara mbili: kwenye mkaa na kwenye mfuko wa chakula.

Kuku mkubwa anasumbuliwa na upande wa pili. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, amefunikwa manyoya mazito, na hana tezi za jasho. Njia yake kuu ya kujipoza kwenye joto kali ni kuhema. Anastarehe kati ya nyuzijoto 18 na 25. Joto likipita 30 anaanza kupunguza kula na kuzidisha kunywa. Likikaribia 35, hasa kwenye unyevu wa pwani ambao hufanya kuhema kusisaidie sana, maisha yake yako hatarini. Kuhema sana pia huvuruga damu, na malighafi ya kutengenezea ganda la yai hupungua. Ndiyo maana wafugaji wengi wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam huongeza chokaa ya kuku kwenye chakula msimu wa kiangazi na bado wanaokota mayai ya ganda laini. Dawa ya mayai hayo inaweza kuwa juu ya paa.

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia

Chuma hupitisha joto upesi sana. Hewa iliyotulia, isiyo na nafasi ya kuzunguka, hulipitisha polepole mno. Nyasi, pumba, maranda na stairofomu hufanya kazi kwa sababu hiyo hiyo: ndani yake kuna vyumba vidogo visivyohesabika vilivyofungia hewa. Ni kanuni ileile ya jiko kapu, lile kapu lililojazwa matambara au makapi ambamo sufuria ya maharage huendelea kuiva bila moto.

Kutoka hapo tunapata masharti mawili. Kwanza, nyenzo iwe kavu daima. Pumba iliyolowa imejaa maji mahali pa hewa na haizuii chochote. Pili, usiikandamize. Tabaka la nyasi lililoshindiliwa mpaka likawa gumu limepoteza hewa yake.

Paa kwanza

Hewa ya moto hupanda, kwa hiyo usiku wa baridi joto la banda hukimbilia juu. Mchana wa kiangazi, jua hupiga paa kabla ya kitu kingine. Kwa hali zote mbili shilingi ya kwanza iende kwenye paa. Zifuatazo ni njia zinazotumika, kuanzia ya gharama ndogo.

*Rangi nyeupe.* Njia hii ni ya maeneo ya joto. Bati lililopakwa chokaa au rangi nyeupe ya nje hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuumeza. Osha bati vizuri kwanza, kwani vumbi na mafuta ya kiwandani huzuia rangi kushika. Chokaa huoshwa na mvua, kwa hiyo irudie kila mwaka kabla ya kiangazi. Rangi ya nje hudumu zaidi. Njia hii haisaidii wakati wa baridi.

*Makuti au nyasi.* Banda la makuti ni la baridi mchana na la joto usiku, na wafugaji wa pwani wanalijua hilo vizuri. Kama tayari una bati, unaweza kutandaza makuti au nyasi juu yake na kuzifunga kwa waya ili upepo usizichukue. Ubaya wake ni kwamba huhifadhi panya, nyoka na utitiri, na cheche moja inatosha kuteketeza kila kitu. Usitumie paa la makuti juu ya banda la kulelea vifaranga kwa jiko la mkaa.

*Dari ya mifuko na pumba.* Hii ndiyo njia ninayompendekezea mfugaji mdogo wa nyanda za juu, iwe ni Makete, Lushoto au Limuru. Chukua mifuko mitupu ya chakula cha kuku, ifue, ianike, kisha ishone pamoja iwe shuka moja kubwa. Itandaze chini ya kenchi na kuipigilia kwa vipande vya mbao au mianzi, kila baada ya nusu mita, ili isining'inie. Juu yake mwaga pumba kavu za mpunga zilizochanganywa na majivu kidogo ya kupunguza wadudu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Acha nafasi kati ya pumba na bati. Pumba ni nyepesi lakini zina uzito zikiwa nyingi, kwa hiyo hakikisha kenchi ni imara kabla ya kupandisha. Pasipo mpunga, tumia maranda makavu au nyasi zilizokaushwa vizuri.

*Matete, mikeka au mianzi.* Dari ya matete yaliyofumwa kwa kubana ni nzuri peke yake, kwa kuwa kila tete lina hewa ndani. Inafaa pwani na bara.

*Stairofomu.* Mbao za stairofomu za unene wa sentimita 2.5 hadi 5 huzuia joto vizuri kuliko nyingi ya nyenzo hizi, na ni nyepesi. Lakini kuku wanapenda mno kuidonoa, mbawakawa weusi wadogo wanaoishi kwenye maranda ya sakafuni huitoboa, na ikishika moto moshi wake ni sumu. Ukiitumia, ifunike kwa plaiwudi au bati jembamba upande wa ndani.

*Karatasi ya foili.* Hii hurudisha joto la mionzi, lakini kwa sharti: upande unaong'aa uangaliane na uwazi wa hewa wa sentimita 2 au zaidi. Mafundi wengi huigandisha moja kwa moja kwenye bati, nayo inakuwa pambo tu.

Njia yoyote utakayochagua, acha matundu yenye wavu kwenye pembe za paa, pande zote mbili, ili hewa ya moto iliyo kati ya bati na dari itoke. Katika maeneo ya joto ni bora zaidi kuinua kofia ya paa na kuacha mwanya wa juu unaopitisha hewa kwa urefu wote wa banda.

Bati linapotoka jasho

Wafugaji wa maeneo ya baridi wanalijua tatizo hili: asubuhi maranda yamelowa na hakuna mvua iliyonyesha. Kuku hutoa mvuke mwingi kwa kupumua na kwa kinyesi. Mvuke huo ukipanda na kugusa bati lililopoa, hugeuka matone na kudondoka. Maranda yaliyolowa huzalisha amonia inayochoma macho na mapafu, na ni mazingira yanayopendwa na vimelea vya koksidiosisi, ugonjwa wa kuhara damu unaoangamiza vifaranga.

Dari huondoa tatizo hili kwa kuwa mvuke haukutani tena na chuma baridi. Ukiona matone yanaendelea hata baada ya kuweka dari, ujue hewa haizunguki vya kutosha, na tiba yake ni kufungua zaidi sehemu ya juu, hata kama nje kuna baridi.

Kuta, mapazia na sakafu

Banda likae urefu wake mashariki kwa magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige zile pande fupi tu. Kama umeshajenga vinginevyo, ongeza upenu mpaka ufikie mita moja na panda miti ya kivuli upande wa magharibi.

Pwani, ukuta wa tofali uishie chini ya goti au kidogo juu yake, na sehemu iliyobaki iwe wavu. Upana wa banda usizidi mita 8 hadi 10, la sivyo upepo hautafika katikati. Huku ukuta mnene si msaada wakati wote: tofali lililopigwa na jua kutwa nzima hurudisha joto hilo ndani usiku. Lipake chokaa kwa nje na ulikinge kwa kivuli.

Nyanda za juu, pandisha ukuta hadi mita moja na uzibe nyufa zote zilizo usawa wa kuku kwa udongo au saruji. Upepo unaopita chini ya mlango huwaumiza vifaranga kuliko baridi iliyotulia. Uwazi wa juu ufunikwe kwa pazia la turubai au mifuko iliyoshonwa safu mbili, zikiwa na nafasi ya hewa katikati. Hapa pana jambo dogo ambalo mafundi wengi hulikosea: pazia lifungwe imara upande wa chini na lifunguke kuanzia juu. Likifunguka kuanzia chini, upepo wa kwanza unaoingia unampiga kifaranga mgongoni. Likifunguka kuanzia juu, hewa chafu na mvuke hutoka bila upepo kumgusa.

Sakafu ya saruji hunyonya joto kupitia miguu na tumbo la kifaranga. Tandaza maranda au pumba kavu unene wa sentimita 8 hadi 10, na uwashe chanzo cha joto saa 24 kabla ya vifaranga kufika, ili sakafu nayo ipate moto. Vifaranga wanaowekwa juu ya maranda ya baridi huanza maisha kwa hasara hata kama hewa iliyo juu yao ni ya joto.

Bruda: pasha vifaranga, si banda zima

Ukishahami paa, punguza nafasi unayoipasha, yaani bruda. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanaweza kukaa 50 kwenye mita moja ya mraba. Hakuna sababu ya kupasha chumba cha kuku wakubwa 500 kwa ajili yao. Ning'iniza turubai kutoka darini hadi sakafuni, waweke upande mmoja, wazungushie ringi ya hardibodi yenye kimo cha sentimita 45, na uisogeze nje kila baada ya siku chache wanavyokua.

Faida yake inahesabika. Balbu ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6 kwa siku, yaani uniti 84 kwa siku 14. Kama dari na turubai vinakuwezesha kuizima saa 10 za mchana, matumizi yanashuka hadi uniti 49. Umeokoa uniti 35 kwa balbu moja, kwa kundi moja. Mwenye balbu nne na makundi matano kwa mwaka ataona mwenyewe dari inavyojilipa.

Kwa anayetumia mkaa, fedha inaokolewa vilevile, ila tahadhari ni kubwa zaidi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua kuku na watu. Washa jiko nje mpaka mkaa ushike vizuri ndipo uliingize, acha uwazi wa juu daima, na mtu asilale ndani ya banda hilo kwa ajili ya kulinda vifaranga.

Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji mwenye vifaranga 50 hivi, ipo njia isiyotumia moto kabisa: sanduku la nyasi, ambalo limetumika Ethiopia na Kenya. Tengeneza sanduku la mbao lenye chumba kidogo katikati, na ushindilie kwa wepesi nyasi kavu za unene wa sentimita 10 kuzunguka chumba hicho. Juu weka kitambaa kizito au gunia linalokaribia migongo ya vifaranga, na kifuniko chenye matundu ya hewa. Upande mmoja acha mlango wa kutokea kwenye uwanja mdogo wenye maji na chakula. Vifaranga hupashana joto la miili yao, na nyasi hulizuia lisitoroke. Siku za mwanzo waingize kwa mkono kila baada ya kula mpaka wajifunze njia, na kwenye baridi kali waongezee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaani. Vifaranga wakiwa kumi tu joto lao halitoshi, kwa hiyo usitarajie matokeo yaleyale.

Soma kuku, kisha soma kipimajoto

Ning'iniza kipimajoto usawa wa mgongo wa kifaranga. Kilichopigiliwa ukutani usawa wa macho ya mtu kinakueleza joto lako wewe. Lakini vifaranga wenyewe ndio kipimo cha kuaminika zaidi. Wakilundikana chini ya taa na kulia kwa nguvu, wana baridi. Wakikimbilia pembezoni na kuachama midomo, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja, kuna upepo unaoingia upande wa pili. Utafute na uuzibe. Wakisambaa sawasawa, wengine wanakula, wengine wamelala, umepatia.

Kwa hewa, tumia pua yako. Ingia alfajiri, chuchumaa mpaka kichwa kifike usawa wa kuku, uvute pumzi. Harufu ikikuchoma au macho yakitoa machozi, fungua mapazia ya juu mara moja na ubadilishe maranda yaliyolowa. Wanaokaa humo usiku kucha hawana pa kukimbilia.

Kutunza kazi yako

Dari ya pumba ni makazi mazuri kwa panya, kwa hiyo ziba kwa wavu mdogo kila upenyo wa kuingilia, na uikague kila unapomaliza kundi. Paa linalovuja litengenezwe kabla ya kuweka dari, kwa sababu baadaye tone litajificha ndani ya pumba na kuozesha kila kitu kimyakimya. Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba lake, mbali na nyasi na stairofomu. Balbu ya joto ifungwe kwa mnyororo au waya, isitegemee waya wake wa umeme, kwani balbu iliyoangukia kwenye maranda makavu inaweza kuwasha banda zima kwa dakika chache.

Weka pia daftari. Andika madebe ya mkaa au uniti zilizotumika, vifaranga waliokufa, na mifuko ya chakula iliyoliwa, kundi kwa kundi. Bila namba hizo hutajua kama dari imekulipa, na hutaweza kumshawishi jirani, au mwenzako wa nyumbani anayeuliza fedha zimekwenda wapi.

Fedha ikiwa kidogo

Fuata mpangilio huu. Aliye pwani apake paa rangi nyeupe, aongeze upenu, kisha aweke dari ya matete au mikeka. Aliye nyanda za juu aweke dari ya mifuko na pumba juu ya eneo la bruda tu, alitenge eneo hilo kwa turubai, azibe nyufa za chini, kisha aiendeleze dari banda zima kadiri fedha inavyopatikana. Kazi yote ikamilike kabla ya kuagiza vifaranga, maana dari haipigiliwi juu ya vichwa vyao. Kelele na vumbi huwatia hofu, wakakimbilia kona na kulaliana.

Kuku hachagui banda la kuishi. Tumemfungia sisi, na kwa kufanya hivyo tumemnyima mti wa kukimbilia jua na kichaka cha kujikinga na upepo. Kumwekea dari ni kurudisha sehemu ya kile tulichomnyima, na kwa bahati njema ni hesabu inayomlipa mfugaji pia.